Karatasi ya kuthibitisha sina kazi anayo aliyeniondoa kazini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Najua barua yangu ni ndefu. Ukiona vema ipunguze, ila hesabu usiziguse, maana hesabu ndiyo barua yenyewe.

Wiki tatu zilizopita msomaji mwenzangu aliandika hapa kwamba wanaolalamikia fao la kukosa ajira ni watu wasiosoma masharti, wanaongoja kazi iishe ndipo waanze kuuliza. Nusu ya maneno yake nayakubali. Mimi sikusoma. Lakini tangu Julai nimeyasoma kwa miguu, dirisha hili hadi dirisha lile, na nilichokikuta sicho alichokiandika yeye. Masharti yenyewe hata mtoto wa darasa la saba anayaelewa. Tabu ni kwamba karibu kila karatasi unayotakiwa kuipeleka ili uthibitishe huna kazi, iko mkononi mwa yule yule aliyekuondoa kazini. Yeye hana haraka wala hapati hasara, na hakuna anayempigia simu kumuuliza imefikia wapi.

Mimi ni mlinzi. Nimelinda maghala, shule, na nyumba za watu wenye mbwa wanaokula vizuri kuliko mimi. Lindo langu la mwisho lilikuwa jengo la ofisi katikati ya Dar es Salaam, zamu ya usiku, saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Nilianza Machi 2020, nikaondolewa Juni 2024. Ni miezi 52. Mshahara ulikuwa 240,000 kabla ya makato, na kila mwezi nilikatwa 24,000 ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Kampuni siitaji, nisije nikakuletea kesi.

Jumapili tarehe 30 Juni, tukiwa tunakabidhiana lindo na wa mchana, ilikuja pikapu ya kampuni. Supavaiza akashuka na bahasha ya kaki. Akasema tenda imechukuliwa na wengine, malindo sita yamefungwa kuanzia asubuhi ile, na walinzi wote 14 wakusanyike pale. Akatandaza karatasi kwenye boneti. "Saini hapa afande, upate mshahara wako wa mwezi huu." Barua zilikuwa zimeshachapwa kwa Kiingereza, zimeachiwa nafasi ya jina, namba ya kazi na sahihi.

Mtu aliyekesha saa 12 amesimama hasomi barua, anatafuta chai. Wenzangu 12 walisaini palepale.

Mimi sikuwa mjanja kuliko wao. Kiingereza changu nimekiokota lindoni, kwenye magazeti ya juzi ambayo ofisi ile ilikuwa inayatupa, nami nikiyasoma usiku chini ya taa ya geti. Nakisoma pole pole kama mtu anayevuka mto asioujua kina. Nilipofika mstari wa pili nikaona barua inasema ni mimi ninayeomba kuacha kazi, kwa hiari yangu, kwa sababu za kifamilia. Familia yangu wakati huo ilikuwa Chamazi imelala, haina habari kwamba ina sababu.

Nikamwambia, "Afande, hii naomba nikaisome nyumbani." Akajibu kwamba nyumbani haiendi. Nikairudisha kwenye boneti. Kijana mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni naye akarudisha yake, nadhani kwa sababu tu ameniona mimi. Mshahara wa Juni niliupata Agosti.

Sasa nieleze kwa nini karatasi ile ya boneti ilikuwa na uzito, maana hata mimi sikujua siku ile. Zamani kulikuwa na fao la kujitoa. Ukiacha kazi, uwe umefukuzwa au umeondoka mwenyewe, unasubiri kidogo kisha unachukua michango yako yote. Mwaka 2012 Serikali ilijaribu kulifuta, wafanyakazi wakapiga kelele, likarudi. Kisha ikaja sheria ya 2018, ile iliyounganisha mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa PSSSF ya watumishi wa umma, NSSF ikabaki na sisi wa sekta binafsi. Ilianza kutumika Agosti 2018, na fao la kujitoa likaenda nayo. Mahali pake likawekwa fao la kukosa ajira. Watu wengi wanalichanganya na mambo ya kikokotoo cha wastaafu, yaani hesabu ya pensheni, ile ni habari nyingine kabisa.

Mimi si katika wanaolililia fao la kujitoa. Mwaka 2010 niliondoka kiwanda kimoja nikachukua zangu zote. Nilinunua bati 40, friji ya mtumba, na nguo za sikukuu kwa ukoo mzima. Bati zipo. Friji ilikufa mwaka uliofuata, na ile miaka sita ya michango siioni tena popote. Kwa hiyo waliosema pesa ya uzee isiliwe ujanani wana hoja, nami nimo kwenye ushahidi wao.

Fao jipya linakwenda hivi. Uwe raia, uwe chini ya miaka 55, uwe umechangia miezi isiyopungua 18, uwe umeachishwa na si kuacha kwa hiari, na uwe hujapata ajira nyingine. Ukitimiza, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wako wa mwisho kila mwezi, kwa muda usiozidi miezi sita. Kama michango haijafika miezi 18, unapewa nusu ya michango mara moja, basi.

Kwa mshahara wangu, asilimia 33.3 ni 79,920 kwa mwezi. Chumba na sebule ninachopanga ni 60,000. Zinabaki 19,920 za unga, mkaa na nauli za watoto. Sidharau. Kwa mtu ambaye simu yake haiiti, 79,920 inayokuja kila mwezi ni kamba ya kushikilia. Lakini soma tena lile sharti la nne, kisha uikumbuke boneti ya pikapu. Wale wenzangu 12, kwa sahihi moja ya saa 12 asubuhi, waliacha kazi kwa hiari. Aliyeichapa barua ile alilijua sharti hili vizuri kuliko sisi sote, au pengine aliwaza tu kukwepa malipo ya notisi. Kwa aliyesaini matokeo ni yale yale.

Nina tabia ya kilinzi ya kuandika kila kitu kwenye daftari, saa na tukio, kama kitabu cha lindo. Siku za kufuatilia fao nimeziandika vilevile.

"8 Julai, Jumatatu. Saa 2:10 nimefika ofisi ya mfuko. Watu 31 mbele yangu. Saa 5:35 nimehudumiwa."

Kijana wa dirishani alinipokea kwa adabu, akanipa shikamoo na kiti. Akanitajia vitu: fomu ya madai, barua ya mwajiri ya kuachishwa kazi, kitambulisho cha taifa, namba ya akaunti ya benki, hati za mshahara za karibuni, picha za pasipoti. Fomu yenyewe ina sehemu yangu na sehemu ya mwajiri, na ya mwajiri inataka sahihi na muhuri. Nikamuuliza, "Mwanangu, na kama mwajiri hataki kuandika?" Akasema, "Mzee, hapo inabidi umfuate." Hakunikosea, alinisomea karatasi iliyo mbele yake.

Nikamfuata. Ofisi ya kampuni tuliyoizoea ilikuwa imehama. Nilipoipata mpya, getini nikakutana na mlinzi wa kampuni ile ile, kombati ile ile niliyoirudisha wiki iliyotangulia nikiwa nimeifua na kuipiga pasi. Akaniambia maneno yote ambayo mimi nimewaambia watu kwa miaka: una miadi, unamtaka nani, andika hapa jina, subiri niulize, bosi yuko kikaoni. Nilikuwa nayajua hata kabla hajafungua mdomo. Sikumchukia, nilitamani hata kumsahihisha mahali alipokosea. Daftari langu linaonyesha nilikwenda mara nne. Mara ya tatu niliambiwa barua iko mezani inasubiri kusainiwa. Mara ya nne aliyekuwa aisaini alikuwa safarini Mwanza.

Aliyenitoa hapo ni dada mmoja wa usafi wa lile jengo nililolilinda. Nilimkuta kituoni tukisubiri gari, nikamsimulia. Akaniuliza ni siku ya ngapi tangu niachishwe. Nikahesabu, ya 23. Akashika kichwa. "Kaka, nenda Tume. Zikipita siku 30 umekwisha."

Tume ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kwa asiyejua: mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kupelekwa ndani ya siku 30. Huduma ni bure. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, ila uwe na sababu ya maana, na "sikujua" si sababu ya maana. Nilikwenda tarehe 25 Julai, siku ya 25. Unajaza fomu namba moja, unampelekea mwajiri nakala, na yeye aisaini kwamba amepokea. Hapo nikarudi kwa yule yule mlinzi wa getini. Safari hii nilipomwonyesha muhuri wa Tume alifungua bila kuuliza miadi.

Kikao cha kwanza cha usuluhishi mwajiri hakutokea. Cha pili, tarehe 21 Agosti, akaja mtu wa utumishi, kijana mwenye kompyuta mpakato na haraka nyingi. Msuluhishi, mama mmoja mtaratibu, akamsomea Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kama anayemsomea mjukuu. Kifungu cha 41, notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Kifungu cha 42, malipo ya siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Kifungu cha 44, malipo yote anayodai mfanyakazi, na cheti cha utumishi. Yule kijana akapekua faili akitafuta barua yangu ya kuacha kazi. Hakuiona. Akapekua tena. Nilitazama dari.

Tukaandikiana makubaliano. Notisi nikalipwa, siku 28 za miaka minne nikalipwa, na barua ya kuachishwa kazi nikapewa, ya Kiswahili, ina muhuri, inasema mkataba umesitishwa na mwajiri kwa sababu ya kukosekana kwa kazi. Yule kijana aliyekuwa nyuma yangu siku ya boneti nilimwambia mapema naye akawahi. Katika wale 12, wawili walikwenda Tume siku 30 zikiwa zimepita. Wengine waliona aibu kuipinga sahihi yao wenyewe.

Ungedhani hapo safari imeisha. Nilirudi kwenye mfuko tarehe 2 Septemba nikiwa na furaha ya kijinga, nimevaa shati la Ijumaa siku ya Jumatatu.

"Mzee, majina hayasomani."

Kwenye kitambulisho cha taifa mimi ni Othman. Kwenye kumbukumbu za mfuko, walivyoniandikisha kampuni, ni Athuman. Kwenye barua mpya, Athumani. Marehemu mama aliniita Asumani, na huyo hayumo katika karatasi yoyote. Ndugu Mhariri, huku kwetu jina ni sauti, mwandishi anaandika anavyosikia. Sasa hivi nchi nzima ina kina Hamisi na Hamis, Selemani na Suleiman, Eliza na Elizabeth, wanaogundua siku ya kudai haki kwamba wao ni watu wawili. Ilibidi niape kwa wakili kwamba mimi na mimi ni mtu mmoja. Kiapo 20,000. Wakili aliniuliza kama nina uhakika. Nadhani alikuwa anatania.

Nikarudi na kiapo. Kijana wa dirishani, tulishazoeana sasa, akafungua kompyuta yake, akaangalia, akanyamaza kidogo, kisha akanigeuzia kioo ili nione mwenyewe.

Miezi 16.

Kati ya miezi 52 niliyokatwa, iliyofika kwenye mfuko ni 16. Machi hadi Desemba 2020, yote 10. Halafu kimya. Mei, Juni na Julai 2021. Kimya tena mwaka mzima na zaidi. Januari, Februari na Machi 2023, kisha hakuna kitu hadi naondoka. Ile mitatu ya 2023 nimeifikiria sana. Nahisi ndiyo miezi waliyokuwa wanaomba tenda na kutakiwa kuonyesha kwamba wanachangia, lakini hiyo ni hisia ya mlinzi tu, sina ushahidi.

Fanya hesabu pamoja nami. Miezi 36 haikupelekwa. Ya kwangu, 24,000 mara 36, ni 864,000. Mwajiri naye alipaswa kuweka asilimia 10 yake, kwa hiyo jumla ni 1,728,000. Na kwa kuwa 16 ni pungufu ya 18, mimi niliyekatwa miaka minne na ushee nahesabiwa sawa na aliyefanya kazi mwaka mmoja na kitu. Ile 79,920 ya kila mwezi, ambayo kwa miezi sita ingefika 479,520, sistahili. Nimepungukiwa miezi miwili tu, na miezi miwili hiyo ilikatwa kwenye mshahara wangu mara 18.

Hapo ndipo nilipokumbuka maneno ya msomaji wako kuhusu watu wasiosoma. Kweli, sikuwahi kuuliza salio. Kila mwezi niliona kwenye karatasi ya mshahara neno la mfuko na 24,000 pembeni, nikajua imekwenda. Mtu akikukata hadharani huwazi kwamba haipeleki. Leo najua salio linaangaliwa hata kwa simu, na ningekuwa nimeangalia mara moja tu mwaka 2021 ningeona shimo likiwa bado dogo. Lakini niulize pia: nikiliona, nafanya nini? Naenda kumshitaki mwajiri kwa mfuko, kesho yake nipangiwe lindo la Kibaha porini au niambiwe tenda imeisha? Kukata na kutopeleka ni kosa kisheria. Wa kwanza kuona kwamba haijafika ni mfuko wenyewe, kwa sababu mwezi ukipita kitabu chake kinabaki kitupu. Mimi naona mwisho kabisa, nikiwa tayari sina kazi.

Sijakata tamaa. Nilipelekwa kwa afisa matekelezo, hao ndio wanaofuatilia waajiri. Akanisikiliza, akafungua faili, akaniambia kampuni itaandikiwa na itakaguliwa. Alitaka hati za mshahara zinazoonyesha makato. Mke wangu, Mungu amweke, alikuwa anazihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, mimi nikimcheka. Zipo 31. Nyingine zilikwenda na maji mvua zilipoingia ndani. Katika zile 31, za ile miezi ya kimya ni 22. Ninahitaji mbili.

Zilizonitoka mfukoni hadi leo ni hizi, kwa mujibu wa daftari. Safari 11 za mfuko na Tume, gari mbili kwenda na mbili kurudi, 2,400 kila safari, ni 26,400. Kopi 38 kwa 200, ni 7,600. Picha 5,000. Kiapo 20,000. Vocha za kupiga simu ambazo hazikupokelewa 9,000. Jumla 68,000. Safari nne za kwa mwajiri sikuziweka, nyingi nilikwenda kwa miguu. Yaani nimetumia karibu fao la mwezi mmoja kulitafuta fao lenyewe, na bado sijalipwa hata senti.

Niliyonayo ya kuomba ni machache na ninayaandika kama yanavyonijia.

La kwanza, ile sehemu ya mwajiri kwenye fomu. Mfuko una kumbukumbu za nani anachangiwa na nani hachangiwi. Mtu akija kusema ameachishwa, mfuko ndio umwandikie mwajiri, umpe siku 14 kujibu. Asipojibu, ichukuliwe mwanachama amesema kweli. Sisi lindoni tulikuwa na utaratibu huo: ukipiga redio mara tatu kituo kisipojibu, unachukua hatua, husubiri hadi asubuhi kumuuliza mwizi kama ameingia.

La pili, barua za kuacha kazi kwa hiari zinazofanana neno kwa neno, zenye tarehe moja, kutoka kampuni moja, ziwe zinashitua mtu. Watu 12 hawapati sababu za kifamilia asubuhi moja. Na barua inayomwondoa Mtanzania kazini iandikwe kwa Kiswahili. Tangu 2021 hata lugha ya mahakama zetu kisheria ni Kiswahili. Sioni kwa nini boneti ya pikapu ibaki na Kiingereza.

La tatu ni la majina, nalo nalisema kwa vyama vya wafanyakazi kuliko kwa Serikali. Mtu akiandikishwa asomewe jina lake herufi kwa herufi akiwa na kitambulisho mkononi. Dakika mbili. Chama chetu, wakati tulipokuwa nacho, kilikuja lindoni mara moja, kugawa fulana za Mei Mosi.

Na kwako msomaji mwenzangu uliyeandika wiki tatu zilizopita: sina ugomvi nawe. Wewe pengine una mwajiri anayepeleka. Hebu angalia salio lako leo, halafu ikikupendeza uandike tena hapa umekuta miezi mingapi.

Alhamisi saa 3 asubuhi nina miadi na afisa matekelezo, napeleka hati zangu. Kuna jambo moja zaidi nitamwambia, sitamficha. Jana nimepigiwa simu, kuna nyumba inajengwa Goba, wanataka wa kulala na vifaa, 6,000 kwa usiku, analipa fundi mkuu mkononi. Sijui kama hiyo inaitwa ajira. Jioni nilikwenda. Nimenunua daftari jipya, na ukurasa wa kwanza unasomeka hivi:

"Saa 12:05 jioni. Nimepokea lindo. Tofali 640, saruji mifuko 22, nondo hazijahesabiwa, giza limeingia. Hakuna mkataba. Hali shwari."

Othman, au Athuman, au Athumani,
Mlinzi,
Chamazi, Dar es Salaam.